Aliyechomoa Ruta

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee zikiwa zimekunjamana hivyohivyo, maana nimeziandika nikiwa nimeuma meno. Natumaini hujambo, kazi inakwenda, na baridi ya huko haijakuingia kifuani kama mwaka jana. Sisi hapa hatujambo. Mama mguu unamruhusu, usingizi anapata, chakula anakula na kukilalamikia chumvi, kwa hiyo jua kwamba ni mzima. Mimi pia mzima, wa mwili. Habari za moyo nitakueleza humu.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi wewe unaimalizia, tena unaimalizia vibaya. Na kwenye lile kundi la ukoo sitii neno tena. Kule umenivua nguo mbele ya shangazi, binamu na wakwe, na watu wazima na akili zao wakakuwekea vidole gumba. Barua huwezi kuikata katikati. Nimempa mjomba anayesafiri kuja huko kwako, nimemwomba akukabidhi mkononi na asikae kukutazama unapoisoma.

Tuanze na siku yenyewe. Asubuhi ile uliandika kwenye kundi kwamba mtandao wa nyumbani kwa mama unakatikakatika, kwamba umechunguza ukaona programu ya ruta, kile kisanduku cha intaneti cha sebuleni, imezeeka, na kwamba utaisasisha wewe mwenyewe kutoka huko huko uliko, mtu yeyote asiiguse. Mimi ujumbe huo niliuona mchana. Unajua kazi yangu. Asubuhi niko kwenye tanuri, mikono imejaa unga hadi viwiko, na simu iko kabatini na viatu vyangu vya kutokea. Nilipofungua kabati nilikuta hukumu imeshatolewa: ruta imekufa katikati ya kusasishwa, umeme wake umekatwa, na aliyeukata ni mimi, eti niliichomoa nikachomeka pasi.

Hukuniuliza. Ungeuliza ningekwambia kwamba saa ile nilikuwa natoa mikate, na wenzangu wote wa zamu ni mashahidi. Ungeuliza ungekumbuka kwamba pasi naitumia chumbani kwangu, kwenye soketi ya sebuleni waya wake haufiki hata mezani. Ukaandika, na maneno yako nimeyashika kwa moyo kama shairi la shule, kwamba mtu aliyeshindwa kulinda kisanduku kimoja atamlinda vipi mama. Halafu ukatangaza kwamba mwisho wa mwezi unakuja kumchukua, atakaa kwako ghorofani, nyumba ifungwe na funguo apewe shangazi. Hivyo tu. Mama mwenyewe, ambaye simu yake ni ile ya vitufe na kwenye kundi hayumo, alikuwa jikoni anachambua mchele.

Sitaki uniambie kwamba sijui ulikotoka na wasiwasi huo. Mama alianguka kwenye korido mwaka jana, na mimi ndiye niliyemkuta sakafuni niliporudi kazini, si wewe. Ulipokuja ukafunga kamera, moja sebuleni, moja jikoni, moja korido, na ya nne ikitazama mlango wa chumba chake, nilishukuru. Nilisema afadhali, asubuhi nikiwa kazini kuna jicho. Ukaunganisha kila kitu kwenye ile ruta, ukaondoka, na tangu hapo umekuwa ukiona na kusema kupitia ukutani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe hupo, na lako limetundikwa kila pembe.

Basi nilipofika nyumbani siku ile nikaikuta ruta ina taa moja nyekundu, imetulia tuli. Kamera zote zilikuwa giza. Mama alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, gauni lake la zamani la nyumbani, anasikiliza redio. Nilimweleza kwamba chombo cha mtandao kimeharibika na kwamba wewe umekasirika. Akaniuliza kama umekasirika sana. Nikamwambia sana. Akapunguza sauti ya redio, akasema pole mwanangu, akaishia hapo.

Kesho yake shangazi alikuja na sanduku la nguo. Alilivuta kwa magurudumu yake hadi chumbani kwa mama, akalifungua juu ya kitanda, akaanza kumwambia mama kule ni baridi, magauni haya mepesi ayaache. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, anatazama nguo zake zinavyogawanywa kama za marehemu. Nilimwambia shangazi sanduku alifunge. Akaniambia nisimkaripie yeye, nikakukaripie wewe mwenye uamuzi. Alikuwa na haki, na ndicho ninachokifanya sasa.

Nikajiapiza kwamba kama ni kisanduku ndicho kinachomtoa mama kwenye nyumba yake, mimi nitakifufua. Nikakupigia. Nakumbuka msaada wako vizuri. Ulinitumia sauti, moja baada ya nyingine, na kila moja ulianza kwa kupumua kwa nguvu kama mtu anayefundisha kuku kusoma. Ukasema nifungue ukurasa wa ruta. Nikakuambia hakuna ukurasa, mashine haijibu. Ukasema ninaandika vibaya. Ukasema niingize pini kwenye kile kitundu cha nyuma niishikilie. Nikaishikilia mpaka kidole kikaota alama, taa ikabaki nyekundu. Mwisho ukasema basi niache, nisije nikaharibu zaidi, uamuzi umeshafanyika. Kuharibu zaidi ya kufa ni vipi, hukueleza.

Nilipiga simu kwenye kampuni ya intaneti. Wakanipigia muziki, kisha kijana mwenye sauti ya asali akaniambia nizime halafu niwashe. Nilipomweleza kilichotokea, asali ikaisha, akasema mabadiliko aliyoyafanya mteja ni shauri la mteja, ila fundi wao anaweza kupita mwezi ujao. Mwezi ujao mama angekuwa ghorofani kwako. Nikampelekea fundi wa simu wa pale kona, akaigeuzageuza, akanirudishia kwa mikono miwili na kunipa pole ya msiba. Alitania, mimi sikucheka.

Aliyenisaidia ni karani wa kiwandani kwetu, naye hakuwa anajua lolote kunizidi mimi. Alinipa kiti chake mbele ya kompyuta wakati wa mapumziko, nikaingia kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Nikakuta wameandika kuhusu ruta iliyokatikiwa umeme katikati ya kusasishwa. Wanasema haifi yote. Ndani yake kuna kipande kidogo ambacho usasishaji haukigusi, na kipande hicho hakijui kuvuta mtandao wala kufungua ukurasa, kinajua jambo moja tu, kupokea faili zima la programu kutoka kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Ukurasa wako ulionitesa nao usingefunguka hata ningeandika kwa wino wa dhahabu. Ningekuona wakati ule, mdogo wangu, ningekutupia ile ruta.

Nikalibeba lile faili kwenye flashi mpaka nyumbani, nikatoa kompyuta yangu ya zamani, ile ambayo bawaba yake nimeifunga kwa gundi ya karatasi na wewe uliwahi kuiita kaburi. Ina tundu la waya, ambalo hizi mpya hazina. Nikaiweka meza ya kulia. Mama akaja akakaa mbele yangu na kikombe chake. Kila nilichofanya alikifuata kwa macho, na mara mbili tatu akaniuliza kama ni lazima kile kitu kiwake. Nikamjibu, kwa ukali ninaoujutia, kwamba ndiyo ni lazima, kwa ajili yake yeye.

Kazi yenyewe ni hivi, na nakueleza kwa kirefu ili ujue kwamba haikuhitaji mtu ashuke mbinguni. Unaipa kompyuta anwani kwa mkono, iwe jirani ya ruta mtaa mmoja, maana ruta iliyozimia haiwezi kumgawia mtu anwani. Unachomeka waya. Unaizima ruta, unaingiza pini kwenye kitundu, unaiwasha ukiwa bado umeibana, na huachii mpaka taa ianze kupepesa polepole. Hapo ndipo kile kipande kidogo kiko macho kinasubiri. Unakipelekea faili.

Mara ya kwanza niliachia pini mapema, taa ikabaki nyekundu. Nikarudia. Taa ikapepesa, nikatuma faili, kompyuta ikakaa kimya kama mtu aliyedaiwa. Kumbe ilikuwa bado inang'ang'ania mtandao wa simu yangu badala ya waya, nikazima mtandao wa simu. Nikatuma tena, faili likaenda lote, nikashika kifua, na ruta ikalikataa. Niliipindua kusoma kibandiko cha chini. Imeandikwa toleo la pili. Mimi nilikuwa nimechukua faili la toleo la kwanza. Nikaitukana ruta matusi niliyojifunza kwa madereva wa magari ya mikate. Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu alipoanguka, na hata hilo halikunifungua macho, nilikuwa na hasira nawe mno.

Siku iliyofuata nilirudi kwenye kiti cha karani nikachukua faili sahihi. Alasiri nikakaa tena mezani. Pini, umeme, taa ikapepesa, nikatuma, likapokelewa. Maelezo yanasema hapo usiguse kitu wala usikate umeme mpaka ijiwashe yenyewe. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya soketi, mgongo ukutani, kama mlinzi wa benki. Taa nyekundu ikazimika. Nikaona nimeiua mara ya pili. Kisha ikaja ya kijani, ikafuata nyingine, na nyingine. Niliinama nikaibusu, mdogo wangu, vumbi na yote. Cha kwanza kukifikiria kilikuwa uso wako.

Ruta ilikuwa imesahau kila kitu, jina lake, neno la siri, na kamera zako zote nne. Zinatakiwa kutambulishwa upya moja moja. Nikachukua simu nikaanza na ile ya sebuleni. Nilikuwa nimeshapanda kwenye kiti mama aliponiambia nishuke. Nikamwambia ni dakika chache tu. Akaniambia tena nishuke, kwa sauti aliyokuwa akiitumia tulipokuwa wadogo, na nikashuka.

Sasa hapa kaa chini kama umesimama. Aliyechomoa ruta siku ile ni mama.

Wala si siku ile tu. Tangu ulipofunga kamera zako, mama akitaka kupaka mguu dawa anachomoa. Akitaka kubadili nguo sebuleni kwenye jua kwa sababu chumbani kuna ubaridi, anachomoa. Akitaka kumlilia marehemu baba, anachomoa. Akimaliza anachomeka, anajifuta, anakaa vizuri. Kule kukatikakatika kwa mtandao ulikokuchunguza ukiwa huko, ukaandikia ripoti kwenye kundi, ni mama yako anavaa. Ukatafutia dawa ugonjwa ambao haukuwepo. Ukaanza kuisasisha ruta asubuhi, saa anayopaka mguu dawa, na yeye akafanya kama afanyavyo kila siku, kwa sababu katika ukoo mzima uliotangaziwa kwamba chombo kisiguswe, hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenye nyumba. Nami nimo, ingawa ujumbe niliuona mambo yameshaharibika. Tulipashana habari wote isipokuwa yeye.

Sitakudanganya kwamba nilimkumbatia. Nilimkasirikia. Nilimwambia amekaa kimya nikitukanwa na ukoo, amelitazama sanduku likiletwa, amenitazama nikihangaika na pini, na neno moja lingetosha. Nikatoka nje nikasimama bombani, nikayafungua maji bila ya kuosha kitu. Niliporudi alikuwa palepale, mikono mapajani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema alitaka kuniambia tangu siku ya kwanza, lakini alidhani mimi na wewe ni kitu kimoja, maana sikuwahi kulalamika juu ya zile kamera hata mara moja. Hilo lilinichoma, nikalimeza.

Nikamuuliza, basi na wewe je, kwa nini hakukwambia. Akaniambia jambo ambalo nimeliandika hapa, nikalikata, nikaliandika tena. Anakuogopa. Mama anakuogopa wewe, mtoto wake wa mwisho, uliyelala kitanda chake mpaka ukaanza shule. Anasema sauti yako inatoka ukutani bila hodi. Amekaa, inamuuliza mkongojo uko wapi. Anakula, inamwambia amekula kidogo. Amesinzia, inamwamsha kumuuliza kama amelala. Hajui ni saa ngapi unatazama na saa ngapi hutazami, kwa hiyo kila saa anakaa kama anatazamwa. Ndiyo maana alikuwa akivaa gauni la kutokea tangu asubuhi, na mimi nilidhani ni moyo unapona. Na aliogopa kwamba ukijua anazima, utaihamishia ruta mahali ambapo soketi hataifikia. Hayo ni maneno yake, sikuongeza chumvi.

Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Amekuchelea, na amelia peke yake sebuleni, umeme ukiwa umechomolewa. Wewe ulikuwa unaona kioo cheusi na kulaumu programu.

Kwa hiyo sasa nisikilize, na hapa sikuombi. Ruta inafanya kazi. Imefanya kazi tangu wiki iliyopita na nimekunyamazia makusudi, kwa sababu nilitaka mama apate siku zake bila ya wewe kugundua. Neno la siri jipya amelichagua mwenyewe, na hulijui. Ule mlango wa mtandaoni uliokuwa ukiingilia kwenye ruta kutoka huko nimeufunga. Kamera nimezifunga kwenye taulo, zipo kabatini, hazioni wala hazisemi. Nimebadilishana zamu, asubuhi nipo nyumbani, na mchana mke wa jirani anakaa na mama wakigombania redio. Simu yake ya vitufe haimtoki mfukoni. Kila siku asubuhi atakupigia yeye, akishamaliza mguu wake na kuvaa. Ukitaka kujua amekula nini, muulize, atakwambia au hatakwambia.

Mama hahami. Nilimuuliza mbele ya shangazi ili pasiwe na maneno, akasema anakaa kwake. Shangazi alilivuta sanduku lake akaenda zake, na mlangoni aliniuliza akaandike nini kwenye kundi. Nikamwambia asiandike kitu. Utaandika wewe. Utaandika kwamba dada yako hakuigusa ruta, na kwamba ulimhukumu bila ya kumuuliza. Juu ya mama usiandike neno. Likivuja kwamba ni yeye, nitajua limetoka kwako, na hapo ndipo utanijua vizuri.

Najua utakasirika. Kasirika, nami nimekasirika, tutakutana katikati. Najua pia kwamba ukiwa peke yako huko utakumbuka vile alivyoanguka na utaona sote hatuna huruma na hofu yako. Hofu yako naijua, nalala nayo chumba cha pili. Lakini hofu yako isimkalie mama kichwani.

Shangazi anakusalimu, mke wa jirani anakusalimu, karani wa kiwandani ambaye humjui naye anakusalimu, kwa kuwa ameteseka nami. Mama nimemsomea barua hii yote. Amenifutisha mstari mmoja uliokutukana, akasema hayo mengine yabaki. Anakusalimu sana, anasema ukipata likizo uje ukae naye, kitanda chako kipo na shuka amefua.

Basi njoo. Ila ukifika piga hodi, usubiri nje kama watu wengine. Anatembea polepole siku hizi, atakufungulia mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba mgongoni